Naomba upunguze sauti ya redio yako

Kama umewahi kusikiliza kipindi cha asubuhi cha redio yoyote hapa Tanzania basi hiyo sentensi hapo juu unaijua. Mtu kapiga simu, kahangaika weee mpaka laini imeingia, anasema haloo haloo, na nyuma yake redio inamrudishia sauti yake mwenyewe kwa kuchelewa kidogo, inavuma, mtangazaji anamwambia kwa upole mama naomba upunguze sauti ya redio yako, sasa mama anaanza kuitafuta redio ilipo, tunasikia ndala, tunasikia mtoto anaambiwa we hebu zima hiyo kitu, na muda unakwenda. Wilaya nzima inamsubiri mama mmoja apunguze sauti. Sijui ni wapi pengine kwenye nchi hii ambapo watu wote wanakaa kimya kumsubiri mama wa kawaida aongee, bungeni sio, kwenye mkutano wa kijiji ndo kabisa.

Mimi nimewahi kukaa upande wa pili wa hiyo simu. Baada ya chuo nilijitolea (yani hamna mshahara, ni nauli na chai) kwenye redio moja ya wilayani huku kanda ya ziwa, jina naliacha maana wenyewe bado wapo na bado tunakutana sokoni tunasalimiana vizuri tu. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu na meseji za kipindi cha asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu. Nilikuwa na visimu viwili vya batani na kimoja cha kupangusa chenye WhatsApp, kaunta buku ya kwaya tatu, na kalamu imefungwa kamba kwenye mguu wa meza kwa sababu watangazaji wanaongoza kwa kuiba kalamu. Kwenye ile kaunta buku nimepiga mistari: jina, mahali, hoja. Hoja unatakiwa uiandike isizidi mstari mmoja, mtangazaji aisome kwa jicho moja huku mdomo unaendelea kuongea. "Bomba limepasuka wiki 3." "Mwalimu mkuu anadai mchango." "Mtendaji hayupo ofisini." Mtu anaweza kukueleza habari yake dakika kumi nzima kuanzia babu yake alivyohamia pale kijijini, wewe unabaki na maneno matatu.

Nje watu wanadhani kila anayepiga anaingia hewani. Hamna. Anayeingia ni yule ambaye mtandao wake uko vizuri, haongei kwa hasira sana, halafu hajalewa (saa moja asubuhi, utashangaa). Na kuna wapigaji sugu, kila redio inao, sauti zao tunazijua kabla hawajasema jina, anaanza na "mwangaluka studio" (salamu ya asubuhi ya Kisukuma) halafu anapongeza kipindi, anapongeza watangazaji mmoja mmoja, anamsalimia fundi mitambo, ukija kumuuliza hoja hana. Hawa naona ni wajukuu wa wale wa kadi za salamu wa enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya serikali), waliokuwa wanajulikana nchi nzima kwa majina na hakuna aliyewahi kuwaona sura. Bosi alikuwa hawapendi. Mimi nilikuwa nawapenda kwa sababu simu zikikauka hao ndo wanakuokoa.

Sasa nieleze kero inavyofanya kazi maana hapa ndo penye utamu. Mama kapiga, bomba limepasuka mtaani kwake, maji yanamwagika barabarani wiki ya tatu huku bombani hayatoki. Akiwa hewani bado anaongea, prodyusa anampigia afisa uhusiano wa mamlaka ya maji, namba yake anayo kichwani. "Kaka, tuna mwananchi wako hapa, tukuunganishe?" Upande wa pili unasikia mtu anaamka kabisa. Anaomba dakika kumi ajipange. Ndani ya hizo dakika kumi unapigwa wimbo mmoja na matangazo mawili, halafu anaingia hewani: kwanza niwashukuru kwa fursa hii, pili nimpongeze mheshimiwa rais kwa kutupatia fedha za miradi, tatu suala hilo tumelipokea na ninavyoongea na wewe mafundi wako njiani. Mafundi wakati huo wako nyumbani wanakunywa chai. Lakini kwa sababu kalisema hewani na mkuu wa wilaya anasikiliza kwenye gari, inabidi wawe njiani kweli. Kufika saa sita mchana bomba limezibwa. Mama anapiga kesho yake kushukuru, tunamrekodi, sauti yake inageuka jingo inapigwa mwezi mzima.

Niliamini sana hiyo kitu. Mpaka siku moja nimekaa kwa mama ntilie na fundi mmoja wa maji, kijana tu wa rika langu, akaniambia bila hata kukasirika: "Nyie ndo mnatupangia ratiba." Akaeleza kwamba wao wako wachache, gari ni moja, na asubuhi ile tulivyorusha lile bomba walikuwa wanaelekea mtaa mwingine kabisa ambao watu wake walikuja ofisini wakaandika barua, wakapewa namba, wakasubiri zamu yao kama walivyoelekezwa. Gari likageuzwa. Wale wa barua wakasubiri tena, na hawakujua kwa nini.

Yani redio haikuwa imeongeza fundi hata mmoja, haikuongeza bomba wala shilingi, ilichofanya ni kupanga upya foleni na kumweka mbele mwenye vocha na sauti nzuri. Tangu siku hiyo nikisikia mtangazaji anajisifia "tumetatua kero" huwa namuuliza kimoyomoyo, ya nani imerudi nyuma?

Tusiwaonee lakini. Watu wanapiga redio kwa sababu kule kwingine wameshapita. Mwenyekiti wa mtaa kamwambia nenda kwa mtendaji, mtendaji kasema hilo ni la halmashauri, diwani haonekani mpaka vikao, na halmashauri unakaa kwenye benchi. Redio ni ofisi pekee ya umma inayofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na haikuulizi kitambulisho. Nimeshaona mjane kaja mpaka getini na faili la mirathi, boda kanyang'anywa pikipiki anamtaka mtangazaji kwa jina. Na mtangazaji naye ni binadamu, anaanza kuitwa mheshimiwa na watu wa sokoni, anazoea, uchaguzi ukikaribia anaanza kuvaa suti. Hii sio mpya, Juma Nkamia alitoka kutangaza RTD akawa mbunge na baadaye naibu waziri wa habari, Jerry Muro alitoka kwenye uandishi wa TV na mwaka 2018 akateuliwa mkuu wa wilaya Arumeru. Sina tatizo nao binafsi, ila ukishajua kwamba maiki inaweza kukupeleka huko, maswali yako kwa mkuu wa mkoa yanaanza kulainika yenyewe bila kuambiwa na mtu.

Wazee watakumbuka redio ilikuwa inafanya kazi kinyume kabisa na sasa hivi. Mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 hatukuwa na redio binafsi huku bara, ilikuwa RTD peke yake, ndo baadaye katikati ya miaka ya 90 wakaja kina Radio One, huku Mwanza Radio Free Africa, Clouds wakashika vijana, na leo leseni za redio zimepita 200. Enzi za RTD hamna cha kupiga simu. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vijijini vinakaa kuizunguka redio na kiongozi wao, wanasikiliza, wanajadili, halafu wanainuka wanakwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Walioshiriki wanahesabiwa kufikia milioni mbili hivi. Ilikuwa redio inaongea na wananchi wanachimba. Sasa hivi wananchi ndo wanaongea na wanaisubiri serikali ije ichimbe. Sisemi ya zamani ilikuwa bora, ile ilikuwa hairuhusu hata kuuliza kwa nini tunachimba, ila nikisikiliza saa mbili nzima za malalamiko bila mtu mmoja kusema sisi mtaani kwetu tumefanya hivi, huwa nawaza hao wa 1973.

Kitu kingine ambacho watu wa Dar hawawezi kukielewa ni kusoma magazeti. Kwao ni burudani, ndo maana kipengele kama Kuperuzi na Kudadisi cha Power Breakfast ya Clouds kilipata umaarufu vile, utani mwingi, unacheka kwenye foleni. Kwetu huku usomaji wa magazeti ndo gazeti lenyewe. Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na ukivuka ziwa kwenda visiwani gazeti likifika limeshafungia maandazi. Kwa hiyo mwaka 2017 Mwakyembe akiwa waziri wa habari alivyoagiza redio na TV zisome vichwa vya habari tu zisiingie ndani ili watu wakanunue magazeti, hoja yake nilielewa, magazeti yalikuwa na hali mbaya kweli. Lakini mvuvi wa kisiwa cha Ukara huku Ziwa Victoria akanunue wapi? Yule ulikuwa umemwachia kichwa cha habari bila mwili, na kichwa cha gazeti la Kibongo unakijua, "MAMBO HADHARANI", sasa mambo gani.

Nimeitaja Ukara, basi niiseme.

Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018 mchana kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitokea Bugolora, kisiwani Ukerewe, kuelekea Ukara, kimebakiza kidogo tu kitie nanga. Uwezo wake ni watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 220. Ijumaa asubuhi tuliingia hewani saa kumi na mbili kama kawaida, magazeti hatukusoma, muziki hatukupiga, na simu zilikuwa zinaita kabla sijakaa. Kwenye kaunta buku mistari yangu ni ile ile, jina, mahali, hoja, ila siku hiyo kwenye safu ya hoja nilikuwa naandika majina ya watu. Fulani bin fulani, alikwenda gulioni Bugolora. Dada yangu, kavaa kitenge cha njano, ana mtoto mgongoni. Mume wangu, alikuwa na magunia mawili. Wengine hawakutaka hata kuingia hewani, walitaka tu mtu aandike. Mtangazaji wetu, mtu wa maneno mengi kuliko wote ninaowajua, alikuwa anasoma majina tu na kusema mwenye taarifa apige. Na Jumamosi ilivyokuja habari kwamba wazamiaji wamemtoa fundi wa kivuko akiwa hai baada ya siku mbili ndani ya maji, simu zikafumuka upya, kila aliyekuwa ameanza kukata tamaa akapiga tena kurudia jina lile lile.

Nimelileta hili kwa sababu ya jambo moja. Kile kivuko mbunge wa Ukerewe wa wakati huo, Joseph Mkundi, alikuwa ameshakilalamikia bungeni. Sio redioni, bungeni, mbele ya mawaziri, kwenye kumbukumbu rasmi. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema shida yetu ni kutosikika, nakataa. Tunasikika vizuri sana. Kinachokosekana ni mtu wa kurudi wiki ya pili kuuliza mlisema mafundi wako njiani, wamefika wapi?

Redio ndo ingefaa kwa hiyo kazi na ndo haifanyi. Kesho ina kero zake, kaunta buku inafunguliwa ukurasa mpya. Nilimshauri prodyusa kila Ijumaa tusome kero za wiki iliyopita moja moja, nani kajibiwa nani bado. Tulifanya kwa muda, kikawa kipengele kinachopendwa kuliko vyote, hata maofisa walianza kupiga wenyewe Alhamisi jioni kuomba majina yao yatolewe kwenye orodha kwa sababu wameshamaliza kazi. Halafu ikaja taasisi moja ikanunua muda wa hewani Ijumaa asubuhi, kipindi maalumu cha kueleza mafanikio yake. Muda ule ule. Bosi akasema jamani mishahara inatoka wapi, na kiukweli sikuwa na jibu, maana redio ya wilaya inaishi kwa matangazo ya msiba, ya minada na hizo taasisi. Ambao ndo hao hao wa kwenye orodha yetu.

Na kuna woga. Mwezi Agosti 2016 serikali ilizifungia Radio 5 ya Arusha na Magic FM ya Dar kwa madai ya uchochezi, na kwa Magic kilichowaponza ni kipindi chao cha asubuhi, Morning Magic. Agosti 2020, nchi inaelekea uchaguzi, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikaisimamisha Clouds FM na TV yake siku saba kwa kutangaza habari za wagombea ambazo tume ya uchaguzi ilikuwa haijazithibitisha. Sasa kama Clouds wenye mawakili wanasimamishwa, wewe wa wilayani mwenye mnara mmoja na jenereta la kukopa utafanya nini? Unajifungia mwenyewe mapema. Hamna mtu alikuja kutuambia msiseme hili, ilikuwa inatokea tu. Mwaka ule ule wa MV Nyerere, 2018, operesheni ya uvuvi haramu ilikuwa imepamba moto, nyavu zinachomwa, wavuvi wanapiga kila asubuhi. Mvuvi akisema nyavu zangu zimechomwa naomba elimu itolewe, anaendelea. Mvuvi huyo huyo akianza kuuliza waliochoma wametumwa na nani na faini imeingia mfuko gani, bosi kule kwenye kioo anapitisha kiganja shingoni, fundi mitambo anashusha kitufe, na mtangazaji anasema inaonekana mtandao sio rafiki, jaribu tena baadaye. Mtandao ulikuwa rafiki. Mimi ndo nilikuwa nimeshika simu, nilimsikia anaendelea kuongea peke yake akidhani yuko hewani.

Uchaguzi wa Oktoba 29 2025 intaneti ilivyozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, watu mtaani kwetu walitoa redio kabatini, nikaona wazee wanatafuta betri dukani. Nilisema sasa hapa ndo redio ya asubuhi itaonekana kazi yake. Kituo nilichokizoea kilikuwa kinapiga muziki. Wimbo ukiisha unakuja mwingine, katikati mtangazaji anataja saa. Na simlaumu yule mtangazaji, ningekuwa mimi sijui ningesema nini, lakini sote pale kibarazani tulimwelewa, na tuliendelea kusikiliza tu maana hata huko kutaja saa kwake unaweza kupima kama sauti inatetemeka.

Pamoja na yote hayo bado kila siku naamka nafungua redio kabla sijapiga mswaki. Nasikiliza ya hapa na ya Dar, na kuna mabadiliko siwezi kuyakataa. Wanawake wanapiga zaidi kuliko zamani, nadhani kwa sababu ya WhatsApp, anarekodi sauti yake jikoni kimya kimya akimaliza anatuma, hana haja ya kubishana na mume juu ya vocha. Kero ya foleni ya kivuko pale Kigongo, ambayo ilikuwa haikosekani asubuhi, imekufa kabisa tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu unapita juu kwa juu unayaangalia maji. Wapigaji sugu bado wapo, kuna mmoja nilikuwa nampokea mimi enzi zile na sauti imezeeka, anapongeza vile vile.

Kwa watangazaji wa asubuhi mnaosoma hapa, najua mpo, nawaomba mawili. Rudisheni Ijumaa ya orodha, hata dakika kumi, hata mkiisoma bila kutia neno, mtaje tu siku kero ilipotolewa, aliyeahidi ni nani, mpigaji anasemaje leo, na mkipata na wale walioandika barua ofisini wakasubiri zamu waingizeni, kwa sababu hao hawatawapigia. La pili, lile tangazo la dawa ya nguvu za kiume liondoeni saa moja kasoro asubuhi jamani, watoto ndo wanakunywa uji hapo wanasubiri kwenda shule, na wa kwangu ameshalikariri lote mpaka namba ya simu.